Ngozi kavu kuzunguka macho: chanzo mara nyingi kiko mikononi, hatari iko kwenye krimu

Unaamka asubuhi, unajitazama kwenye kamera ya simu, na kope zimepauka kama za mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Ukifumba macho ngozi inavuta. Ukipaka poda inajikusanya kwenye mikunjo. Ukijikuna kidogo tu, muwasho ndiyo kwanza unaanza.

Siku ya tatu unapita duka la dawa.

"Dada, hapa machoni pamekauka na panawasha. Una dawa gani?"

"Paka hii kaka yangu, asubuhi na jioni. Siku tatu tu unaona mabadiliko."

Na kweli, siku tatu zinatosha. Ngozi inalainika, muwasho unakata, unasahau. Wiki mbili baadaye ukavu unarudi, tena mkali kuliko mwanzo, na tyubu bado ipo kwenye droo. Unapaka tena. Mwezi wa tatu unanunua tyubu ya pili bila hata kuuliza.

Hapo ndipo tatizo dogo la ngozi linapoanza kuwa tatizo la jicho lenyewe. Kabla ya kufika kwenye hiyo tyubu, tuanze na ngozi.

Kwa nini hapo, na si shavuni

Ngozi ya kope, yaani ile inayofunga na kufungua jicho, ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Unene wake ni kama nusu milimita. Chini yake karibu hakuna mafuta ya kuikinga, na tezi zinazotoa mafuta ya ngozi ni chache ukilinganisha na pua au paji la uso.

Isitoshe, haipumziki. Mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kila mara ngozi hiyo inakunjwa na kukunjuliwa. Ongeza machozi yenye chumvi, jasho linaloteremka kutoka kichwani, na vidole vinavyofikicha jicho kila mtu anapochoka.

Wembamba huo una maana mbili. Ya kwanza, maji yanapotea haraka. Ya pili, chochote unachopaka, kizuri au kibaya, kinapenya haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya uso. Sabuni ambayo shavu lako limeizoea miaka kumi inaweza kuwa kali mno kwa kope.

Kwenye ngozi nyeusi inaonekana tofauti

Video nyingi za mitandaoni zinasema tafuta wekundu. Kwa Mwafrika wekundu mara nyingi hauonekani. Utakachoona ni kope iliyogeuka kijivu, zambarau au nyeusi zaidi ya uso, iliyopauka, yenye magamba madogo au mikunjo mingi ya karibukaribu kama ya mtu mzee. Wengine huona vipele vidogo sana ambavyo unavisikia kwa kidole kuliko kuviona kwa macho.

Kwa sababu hiyo wengi hudhani ni uchovu au kukosa usingizi tu. Wanaficha kwa konsila, na konsila yenyewe inaongeza ukavu.

Mtuhumiwa wa kwanza: mikono na kichwa

Ukavu wa kope mara nyingi hautokani na kitu kilichopakwa kwenye kope. Watu wengi hubisha hapa.

Kitu unachokishika kwa mikono au kukipaka kichwani kinafika machoni bila wewe kujua. Ngozi ya kiganja ni nene, haishtuki. Ya kichwa nayo ni ngumu kiasi. Ikifika kwenye kope, kiasi kidogo tu kinatosha kuleta mzio. Ndiyo maana mtu ana kucha nzuri kabisa, vidole havina hata kipele, lakini kope zinachubuka.

Rangi ya kucha ni mfano wa siku nyingi. Kucha za jeli nazo zimeongeza kazi: kemikali zake, akrileti, zinaleta mzio hasa zikigusa ngozi kabla hazijakauka vizuri kwenye ile taa. Fundi wa kucha anayefanya kazi hiyo kutwa nzima yuko hatarini kuliko mteja anayekuja mara moja kwa mwezi.

Halafu kuna rangi nyeusi ya nywele. Ndani yake mara nyingi kuna kemikali inayofupishwa PPD. Hiyohiyo ndiyo ipo kwenye piko, ile nyeusi tii inayopakwa maharusi wa pwani kuanzia Zanzibar hadi Mombasa kando ya hina. Hina ya majani, ile inayotoa rangi ya hudhurungi, ni kitu kingine kabisa. Mwenye mzio wa PPD akipaka nywele rangi, macho yanaweza kuvimba hadi yafunge, ilhali kichwani hana zaidi ya muwasho. Na mzio huo hautoki. Aliyewahi kuungua na piko harusini anapaswa kukaa mbali na rangi nyeusi ya nywele maisha yake yote.

Kope za bandia zinastahili aya yake. Gundi ya zile zinazobandikwa nywele mojamoja ni ya jamii ya sayanoakrileti, ukoo mmoja na supagluu. Mvuke wake peke yake unaweza kukera jicho kabla gundi haijakauka. Ukiona kope zinawasha kila baada ya kubandika, na zinatulia ukizitoa, jibu unalo tayari. Kubadilisha saluni hakusaidii sana kama gundi ni ileile.

Wengine katika orodha: losheni zenye manukato, maji ya kutolea mekapu, shampuu inayopita machoni wakati wa kusuuza, krimu ya kuzuia jua, na dawa za matone zenye kihifadhi. Hata marashi unayopuliza shingoni yanaelea juu. Kama ni matone ya presha ya macho uliyoandikiwa, usiyaache mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia, maana yapo mengine yasiyo na kihifadhi.

Kinachowapoteza watu wengi ni muda. Mzio wa namna hii hautokei palepale. Unaweza kuchukua siku moja hadi tatu baada ya kugusa kitu. Umepaka rangi Ijumaa, kope zinaanza Jumapili, na wewe unalaumu samaki uliyekula Jumapili mchana. Tena unaweza kutumia bidhaa miaka mitano bila shida, mwili ukaikataa mwaka wa sita. "Mbona siku zote natumia hii" si utetezi.

Wanja, na hasa wa watoto

Wanja wa dukani wenye manukato unaweza kukausha kope kama kipodozi kingine chochote. Tatizo kubwa ni wanja wa unga au wa jiwe usio na lebo. Baadhi hutengenezwa kwa jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi. Mtoto anajifikicha, anaweka kidole mdomoni, na risasi inaingia mwilini, ambako huathiri ubongo unaokua. Kwa mtoto mchanga wanja huo haufanyi macho kuwa makubwa wala haumwongezei afya. Bibi anaweza kununa siku mbili. Atazoea.

Kipupwe, AC na sabuni ya kipande

Si kila ukavu ni mzio. Kuna ule wa kawaida kabisa wa hewa.

Mtu aliyekulia Tanga au Mtwara akihamia Dodoma au Iringa, miezi ya Juni na Julai ngozi inamwambia kwamba hapa si pwani. Hewa ni kavu, upepo ni mwingi, na maji ya kuoga huwa ya moto. Maji ya moto yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi. Anayekaa kutwa chini ya AC yuko kwenye hali hiyohiyo hata akiwa Dar es Salaam penye unyevu. Waliokwenda kufanya kazi Muscat au Dubai wanaijua vizuri: nje joto kali, ndani AC usiku na mchana.

Sabuni ya kipande, iwe ya kufulia au ya kuogea, asili yake ni ya magadi. Kope hazihitaji sabuni. Maji yanatosha.

Kuna na simu. Mtu akikodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, jicho linakauka, linawasha, anafikicha. Simu yenyewe haikaushi ngozi. Vidole ndivyo vinaimaliza.

Inapokuwa ugonjwa

Wapo ambao ukavu wao una jina.

Pumu ya ngozi ni wa kwanza. Huwa na historia: utotoni alikuwa na mikunjo ya viwiko na magoti inayowasha, au ana pumu ya kifua, au mafua ya mzio, au ndugu zake wanayo. Kwake kope ni tawi tu la mti uleule. Akifikicha miaka mingi, ngozi inakuwa nene na nyeusi, na mkunjo wa ziada unatokea chini ya jicho.

Mba ni wa pili. Wengi wanaujua wa kichwani, lakini unashuka hadi kwenye nyusi, pembeni ya pua na kwenye mizizi ya nywele za kope. Magamba yake ni ya mafuta, ya manjano kidogo, si makavu kama unga. Ukitibu kope ukaacha kichwa, unapoteza muda. Shampuu ya dawa ya mba inayotumika kichwani mara mbili kwa wiki mara nyingi inatuliza na macho, mradi usiimimine machoni.

Wa tatu ni uvimbe wa ukingo wa kope, pale nywele zinapoota. Asubuhi macho yamegandana, kuna vipande kama chumvi kwenye nywele za kope, na jicho linachoma kana kwamba kuna mchanga. Tiba yake kubwa ni kazi ya mikono. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 hadi 10, kisha futa taratibu kwenye mizizi ya nywele. Fanya kila siku kwa wiki kadhaa. Inachosha, lakini inafanya kazi. Kila jicho liwe na upande wake wa kitambaa.

Psoriasisi na magonjwa mengine yanaweza kufika hapo pia, ila kwa hayo mtu huwa na dalili sehemu nyingine za mwili.

Wiki mbili za kwanza: toa kabla ya kuongeza

Silika ya kila mtu ni kununua kitu kipya. Fanya kinyume.

Acha kila kitu cha usoni: mekapu, wanja, kope za bandia, krimu ya macho, toner, skrabu, hata ile seramu ghali uliyonunua mtandaoni. Kama una kucha za jeli, ziondoe. Rangi ya nywele isubiri. Hili ndilo gumu, hasa kwa anayefanya kazi ya mapokezi au saluni, lakini bila hivyo hutajua unapigana na nani.

Nawa uso kwa maji ya baridi au vuguvugu. Kausha kwa kubonyezabonyeza taulo, si kusugua. Ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, ndani ya dakika tatu hivi, paka mafuta ya mgando. Ndiyo, yaleyale ya kopo la bei rahisi. Hayaongezi maji kwenye ngozi. Yanazuia yaliyopo yasitoke, na kwa kope hakuna kitu cha duka kubwa kinachoyazidi sana.

Kuna sharti moja: yasiwe na manukato. Hapa watu huteleza, kwa sababu mafuta mengi ya mgando yanayouzwa kama ya watoto ndiyo yenye harufu nzuri. Nusa kopo kabla ya kulipa. Likinukia waridi, liache.

Kiasi ni punje ya mchele kwa kila jicho. Chukua kwa kidole safi cha pete, maana hakina nguvu nyingi, gusagusa kwenye kope ya juu na chini. Yakiingia jichoni kidogo utaona ukungu kwa dakika chache, hayaharibu kitu. Asubuhi, usiku, na kabla ya kuingia kwenye AC.

Vipi kuhusu mafuta ya nazi? Kwa ukavu wa hewa yanasaidia wengi. Kwa mwenye mba si chaguo zuri, kwani fangasi wanaoambatana na mba hula mafuta ya namna hiyo. Limao usiguse; likikutana na jua linaunguza na kuacha alama. Aloe vera ya kukata shambani ina utomvu wa manjano chini ya ganda ambao wenyewe unawasha. Dawa ya macho ya tetrasaiklini ni ya kuua bakteria, haina kazi kwenye ukavu. Na krimu za antibiotiki zenye neomaisini ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha mzio, kwa hiyo unaweza kutibu moto kwa petroli.

Ngozi ikishatulia, rudisha bidhaa zako moja baada ya nyingine, kila moja ipewe wiki yake. Kwa krimu na losheni kuna jaribio rahisi la nyumbani: paka kidogo sehemu ileile ya ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Pakiwasha au kutoa vipele, umempata. Usijaribu hivyo rangi ya nywele wala gundi ya kope.

Piga picha lebo za nyuma za kila kitu ulichokuwa unatumia. Simu inabeba ushahidi vizuri kuliko kumbukumbu.

Ile krimu ya siku tatu

Sasa turudi kwenye tyubu ya duka la dawa.

Mara nyingi ndani yake kuna steroidi. Steroidi si sumu, na madaktari wa ngozi huzitumia kila siku. Zinazima uvimbe na muwasho haraka sana, ndiyo maana siku tatu zinatosha. Lakini zina madaraja, na madaraja yanatofautiana kama maji ya kunawa na maji ya betri. Haidrokotizoni ya asilimia 1 iko chini kabisa. Betamethasoni iko juu. Klobetasoli iko kileleni, na hiyo imekusudiwa ngozi nene kama ya kiganja au unyayo, kwa muda mfupi, si kope.

Kwenye boksi majina haya huandikwa kwa Kiingereza: "hydrocortisone", "betamethasone", "clobetasol". Tafuta maandishi madogo, si jina kubwa la biashara. Krimu nyingi zinazoitwa "ya fangasi na muwasho" zina vitu vitatu kwa pamoja: dawa ya fangasi, antibiotiki, na betamethasoni iliyojificha katikati. Muuzaji hakudanganyi, anajua tu kwamba inafanya kazi. Hajui uko mwezi wa ngapi.

Steroidi kali ikipakwa kwenye kope kwa wiki na miezi, inapunguza unene wa ngozi ambayo tayari ni nusu milimita. Vimishipa vinaanza kuonekana. Ukiacha, ukavu unalipuka upya na vipele juu yake, hivyo mtu anarudi kwenye tyubu. Ni mduara.

Lakini ngozi ni nusu ya habari. Dawa inapenya na kufika jichoni, na kwa baadhi ya watu inapandisha presha ndani ya jicho. Ndiyo glakoma, presha ya macho. Haiumi. Jicho haliwi jekundu. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho kuanzia pembeni, kwa hiyo mtu anaendelea kusoma meseji vizuri tu huku upande unapotea. Atagundua anapogonga mlango au anaposhindwa kuona bodaboda inayotokea kando. Uoni uliokwishapotea kwa glakoma haurudi, kwa dawa wala upasuaji. Mtoto wa jicho nao unaweza kuletwa na steroidi, ila huo angalau hufanyiwa upasuaji na mtu akaona tena.

Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye ndugu wa damu mwenye glakoma, na kwa watoto, ambao presha yao inaweza kupanda upesi. Mtoto anayewashwa macho kila mara kwa mzio akipewa matone yenye steroidi, anapaswa kupimwa presha ya macho. Chupa iliyobaki isihifadhiwe kwa ajili ya mdogo wake.

Kama umekuwa ukipaka krimu ya namna hii kwa zaidi ya wiki mbili, nenda kliniki ya macho ukapimwe presha. Ni kipimo cha dakika chache. Beba tyubu. Usione haya, hawa wanaona watu wa tyubu kila wiki.

Daktari anaweza bado kukupa steroidi ya daraja la chini kwa siku chache, kwa usimamizi. Au anaweza kukuandikia takrolimasi, marhamu isiyo steroidi ambayo haipunguzi unene wa ngozi. Siku za kwanza inachoma kidogo, na bei yake si ya kila mfuko. Uliza mapema.

Weusi unaobaki

Ukavu umepona, lakini kope zimebaki nyeusi. Kwenye ngozi nyeusi hili ni la kawaida: ngozi iliyovimba au kufikichwa hutengeneza rangi nyingi, na rangi hiyo huchukua miezi kupungua. Inapungua yenyewe ukiacha kufikicha na ukijikinga na jua. Kofia na miwani vinasaidia kuliko krimu.

Ni kipindi hiki cha miezi ndicho kinachowapeleka wengi kwenye mkorogo. "Paka kidogo tu hapa chini ya macho, palingane." Ndani ya mkorogo kuna uwezekano wa klobetasoli ileile, haidrokwinoni, au zebaki, inayoharibu figo. Nchini Tanzania haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Marufuku hayajazuia makopo yasiyo na lebo kuuzwa sokoni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwenye lebo zebaki hujificha kwa majina kama "calomel", "mercuric" au alama Hg. Kopo lisilo na lebo kabisa halihitaji uchunguzi.

Usisubiri wiki mbili kama

Jicho lenyewe linauma, mwanga unakukera, au unaona ukungu usiotoka.

Kope imevimba ghafla, ina joto, una homa, au ukigeuza jicho linauma. Hayo ni maambukizi yanayoweza kuingia nyuma ya jicho, na kwa mtoto ni dharura ya usiku huohuo.

Malengelenge yamejitokeza upande mmoja wa paji la uso na kope, yakiambatana na maumivu ya kuchoma. Huo unaweza kuwa mkanda wa jeshi. Ukiona lengelenge kwenye ncha ya pua pia, jicho liko hatarini zaidi. Dawa zake hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 72, na mara nyingi daktari atapendekeza kipimo cha VVU, kwa sababu mkanda hupenda kinga iliyoshuka.

Kuna sehemu moja tu, hasa kope ya chini, yenye gamba au kidonda kisichopona kwa mwezi, au nywele za kope zimenyonyoka hapo. Kwa mwenye ualbino isifike hata mwezi, maana saratani ya ngozi inaanza hivyohivyo, kama kaukavu kadogo. Pale KCMC Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa krimu ya kuzuia jua inayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Ukienda hospitali

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, wakupe rufaa. Kwa ngozi, KCMC na Muhimbili wana kliniki zake. Kwa macho, wakazi wa Dar es Salaam wanaijua CCBRT, na hospitali nyingi za mikoa zina kitengo cha macho. Ukavu wa kope uko katikati ya idara mbili, kwa hiyo usishangae wa ngozi akikutuma kwa wa macho, au kinyume chake.

Beba bidhaa zako zote kwenye mfuko wa rambo, tyubu zilizoisha zikiwemo. Nenda bila mekapu. Sema kazi unayofanya, kwa sababu fundi rangi, msusi, fundi ujenzi anayeshika saruji na muuguzi anayevaa glavu kutwa wana maswali tofauti ya kujibu. Mwoneshe daktari picha za siku ambayo hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kope zina tabia ya kutulia asubuhi ya siku ya kliniki.